Mtihani wa Kusikiliza, Lukwele

Nasra Kibwana alipanda Lukwele siku ya Alhamisi alfajiri, yeye nyuma ya bodaboda na spika mapajani, ameikumbatia kama mtoto mwenye homa. Kutoka Morogoro mjini mpaka kule ni saa mbili na nusu za kupanda milima, na kwenye kona za mwisho dereva humwambia abiria ashuke atembee, kwa kuwa pikipiki nayo huchoka. Nasra alishuka mara nne. Spika hakuiacha hata mara moja.

Kazi yake ilikuwa kupima. Mradi mmoja wa lugha, wenye ofisi mjini na wafadhili wa mbali, ulitaka kujua wanafunzi wa kidato cha nne wa shule za milimani wanaelewa Kiingereza kiasi gani wakikisoma na wakikisikia. Kila shule ingetoa mwanafunzi mmoja, mwenye alama za juu kuliko wenzake, naye angesomeshwa bure kidato cha tano na cha sita kwenye shule nzuri ya bweni huko chini. Mmoja tu. Wanafunzi thelathini na wawili wa Sekondari ya Lukwele walikuwa wanaijua hesabu hiyo tangu Januari, na wazazi wao, ambao wengi Kiingereza chao kiliishia kwenye gudi moning, waliijua vizuri zaidi.

Mwongozo ulisema walimu wa shule wasiwemo chumbani, na Nasra alikuwa mtu wa mwongozo. Mwalimu Hatibu, aliyewafundisha watoto hao Kiingereza kwa miaka minne, mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo, akatolewa kwa adabu nje ya darasa lake mwenyewe. Akaenda kukaa kwenye benchi mbele ya ofisi, mikono magotini, kama mtu aliyempeleka mgonjwa hospitali akaambiwa angoje.

Kusoma kulikwenda salama. Habari ilihusu ufugaji wa samaki, maswali yalikuwa ishirini, na vichwa vyote viliinama mpaka muda ukaisha. Ilipofika saa nne kamili Nasra akaweka spika juu ya meza, akawaeleza masharti: watasikia kila sehemu mara mbili, hakuna kusimamisha, hakuna kurudisha nyuma, hakuna kuuliza. Sehemu ya kwanza ilikuwa mazungumzo mafupi ya mama na mwanawe, maswali sita. Kalamu zikakimbia. Nasra akafurahi moyoni, maana shule tatu alizopita wiki ile zilikuwa zimemvunja moyo.

Ikaanza sehemu ya pili, maswali kumi na manne. Bwana mmoja mwenye sauti ya puani akawa anaeleza namna abiria wanavyokaguliwa kwenye uwanja mkubwa wa ndege. Ni habari ya maana sana kwa watoto ambao mizigo yao yote ya maisha hukaguliwa na mbuzi. Hakuwa amemaliza hata sentensi tatu, kengele ya kanisa la misheni, ng'ambo ya bonde, ikalia.

Nasra aliisikia. Lakini yeye ni mtoto wa Mji Mpya, mtaa wa Morogoro mjini, amekulia katikati ya adhana, kengele na honi za mabasi, na hakuna hata kimoja kinachomshtua. Kengele ililia mara mbili, ikanyamaza. Kisha ikaanza tena, pigo moja, kimya, pigo moja, kimya, polepole, bila mwisho. Alichofanya Nasra ni kuongeza sauti ya spika. Asiyejua maana haambiwi maana, na siku ile hata angetaka kuambiwa asingepata wa kumwambia, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amekataza watu kufungua midomo.

Kalamu zilisimama. Si moja wala mbili. Macho yakaenda madirishani, midomo ikawa inachezacheza bila sauti. Hata spika iliporudia mara ya pili, na kengele ikawa imenyamaza, watoto walikuwa wanatazamana kwa maswali ambayo hayakuwemo kwenye karatasi. Nasra aliyaona yote hayo akayapa jina lake la kitaalamu, kwamba wameshindwa. Kichwa kimoja tu kilibaki kimeinama. Kilikuwa cha msichana wa safu ya mbele, pembeni, mwenye sweta lililompwaya, aliyekuwa anaandika bila kupumzika.

Mchana Nasra alikaa ofisini kusahihisha. Kusoma, watoto walikuwa wamefanya vizuri kuliko alivyotarajia. Kusikiliza, maswali sita ya kwanza yalikuwa safi, na kuanzia la saba karatasi zilikuwa tupu au zimejazwa ovyo. Karatasi thelathini na moja zilikuwa hivyo. Akachukua kalamu ya wino akaandika kwenye fomu ya maoni: uwezo wao wa kusikiliza unaishia kwenye mazungumzo mafupi. Iliyobaki moja, ya Faraja Emilian, ilikuwa na kumi na nane juu ya ishirini. Ukijumlisha na alama za kusoma, ambako alikuwa sawa kabisa na kijana mmoja aitwaye Evance, nafasi ya Lukwele ilikuwa imeshampata mwenyewe.

Akamwita mwalimu Hatibu amwonyeshe. Mzee akazipitia karatasi moja baada ya nyingine, na uso wake ukawa unajikunja kwa aibu, kwa kuwa hakuna mwalimu anayependa kuona kazi yake ya miaka minne imekatika mahali pamoja kama kamba iliyoliwa na panya. Kisha akainua kichwa.

"Hii sehemu ya pili uliwapigia saa ngapi, mwalimu?"

"Saa nne na dakika kumi hivi."

Hatibu akaziweka karatasi chini. "Hawakuwa wanakusikiliza wewe. Walikuwa wanahesabu."

Akamweleza. Hapa Lukwele mtu akifa, misheni hupiga kengele. Mara tatu ni mwanamume, mara mbili ni mwanamke. Halafu hupigwa pigo moja kwa kila mwaka aliouishi. Kijiji kizima, Mkristo na Mwislamu, jembe hewani au sufuria mkononi, husimama na kuhesabu, kwa sababu ukipata idadi unaanza kumjua aliyeondoka. Mwenye mama wa miaka hamsini haachi kuhesabu mpaka ivuke hamsini. Wanajifunza hivyo kabla hawajajifunza kusoma.

"Hata mimi, pale kwenye benchi, nilihesabu," alisema. "Sabini na nane. Bibi Kristina, aliyekuwa amelazwa pale misheni."

Nasra aliitazama fomu yake ya maoni na wino wake mweusi, na aibu ikamshika mpaka masikioni. Kisha akaichomoa ile karatasi moja.

"Na huyu? Yeye kwa nini hakuhesabu?"

Hatibu alisoma jina. "Huyo," alisema, "ndiye mjukuu wa marehemu. Amelelewa na yule bibi tangu ana miaka minne. Mama yake alishatangulia."

Sasa jambo lenyewe lilikuwa hivi, na Nasra hakuhitaji kufungua mwongozo kulijua, maana alikuwa ameukariri. Likitokea lolote lililowasumbua wasikilizaji, usikilizaji wote unafutwa, wa kila mmoja, na unarudiwa kwa rekodi ya akiba. Bahasha zilitakiwa ziwe mjini Ijumaa kabla ofisi haijafungwa. Kwa hiyo kurudia kungekuwa kesho asubuhi, siku ya mazishi. Na zile kumi na nane za Faraja zingekwenda na maji.

"Hakuna aliyelalamika," Hatibu alisema, akiangalia dirishani. "Ukipeleka alama kama zilivyo, msichana anapata. Na amepata kwa haki, hakumwibia mtu."

"Na hawa thelathini na mmoja?"

"Hawa wamezoea kukosa."

Alilisema bila ukali wowote, na ndiyo maana lilimchoma Nasra. Alisimama akasema mtihani utarudiwa. Alikuwa na hakika anafanya haki, na alikuwa anafanya haki kweli. Mimi simlaumu. Nasema tu kwamba haki ni tamu kwa asiyeilipia, na Nasra jioni hiyo alikuwa anakwenda kuitangaza kwenye nyumba ambayo ndiyo ingeilipia.

Msibani Nasra na Hatibu walikuta watu wamejaa uani, wanawake ndani kwenye mikeka, wanaume nje kwenye magogo, moshi wa maharage umetanda mpaka kwenye migomba. Vijana wa kidato cha nne walikuwa wameshashika majembe wakichimba kaburi mteremkoni chini ya nyumba, na Evance alikuwa ndani ya shimo, kifua wazi. Katikati ya ua, mwanamke wa makamo aitwaye Mwajuma, mtani wa ukoo wa marehemu, alikuwa amejifunga khanga ya marehemu na kushika fimbo yake, anatembea amepinda mgongo na kuwagombeza waombolezaji kwa sauti ya Bibi Kristina. Ni kazi ya watani hiyo. Kwenye msiba wa Waluguru wao ndio wenye ruhusa ya kucheka, na wakikutoza jogoo kwa kosa la kubuni, unatoa jogoo.

Faraja alikuwa jikoni, anapepeta mchele. Alimwona Nasra, akaweka ungo chini, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, madamu."

"Marahaba. Pole sana, Faraja." Nasra alichuchumaa karibu naye. "Kengele ya asubuhi. Uliisikia?"

"Niliisikia."

"Wenzako wote walikuwa wanahesabu."

"Mimi sikuwa na haja ya kuhesabu, madamu. Nilikuwa naijua itakapoishia."

Akaeleza kwa sauti ileile ya kujibu maswali darasani. Bibi alikata roho saa kumi na moja alfajiri, akiwa amemshika mkono. Usiku wake alikuwa amemwambia, lolote litakalotokea, kesho uende ukafanye ule mtihani wako, mimi sitakwenda popote nitakungoja. Kwa hiyo alinawa uso akaenda shule, na huko hakumwambia mtu. Kabla ya kuondoka pale misheni alimwomba mpiga kengele asubiri mpaka saa sita ili wenzake wamalize. Mpiga kengele akasema ataipiga ndugu wakishapewa habari, aliyekufa hasubirishwi zaidi ya hapo.

Nasra akamwambia. Alimwambia yote, kwamba alikuwa wa kwanza, kwamba alama zake zimefutwa, kwamba kesho saa mbili itabidi arudie pamoja na wengine, au asirudie. Faraja alisikiliza mpaka mwisho. Jicho lake lilikuwa kavu, na wanawake waliokuwa jikoni walikuwa wameshaanza kulisema hilo jicho. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na hapa wa mbali walikuwa wameingia tangu adhuhuri, mfiwa bado anapepeta mchele.

"Nitamuuliza mjomba," alisema.

Mjomba wake, Emmanuel, mkulima wa kabichi na njegere, mtoto mkubwa wa marehemu, ndiye mwenye neno, kwa kuwa kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Aliwasikiliza Nasra na Hatibu huku akichokonoa ardhi kwa kijiti.

"Wakirudia, huyu wetu anaweza kupoteza?"

"Anaweza," Nasra alisema.

"Na wasiporudia, hao wengine?"

"Wameshapoteza."

Watu wa karibu walikuwa wamenyamaza wasikie. Mwajuma akasogea na fimbo yake, mgongo umepinda vilevile.

"Jamani mwoneni Kristina," alisema. "Akiwa hai alitunyima ukindu wa kusukia mikeka, amekufa amefelisha watoto thelathini na mmoja kwa mkupuo. Mnamzika wa nini, si mmpeleke akawe mwalimu."

Wakacheka, hata Emmanuel akacheka, kisha akafuta macho kwa kiganja. "Hapo wamo watoto wanaomchimbia mama yangu kaburi," alisema. "Siwezi kuwafukia pamoja naye. Mazishi saa tano. Mtihani saa mbili, na Faraja atakwenda."

"Na kelele je?" Hatibu aliuliza. Shule ilikuwa juu ya nyumba ile kwa mwendo wa kutupa jiwe, na asubuhi ya kuzika vilio na nyimbo husikika mpaka kijiji cha pili.

Mwajuma akanyoosha mgongo kwa mara ya kwanza siku ile. "Kelele niachieni mimi. Atakayelia kabla ile spika haijazimwa, namtoza jogoo. Na mwenye mbwa amfunge mdomo."

Ijumaa asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa za shule. Wanafunzi waliingia wakiwa na udongo wa kaburi kwenye viatu. Faraja aliingia wa mwisho, amejitanda khanga nyeusi juu ya sare, akakaa mahali pake pa mbele pembeni.

Kabla ya kubonyeza, Nasra alisikiliza, na hakusikia kitu. Bondeni chini kulikuwa na watu zaidi ya mia mbili wamekaa na maiti ndani, na hakukuwa na wimbo, wala mchi kwenye kinu, wala mtoto. Aliwaona kupitia dirisha, pale ukungu ulipochanika: wanawake kwenye mikeka iliyotolewa uani, khanga zimeshikiliwa mdomoni, wanaume wamevua kofia. Nasra alikuwa amesimamia mitihani miaka tisa na hakuwahi kuona watu wakisaidia mtihani namna hiyo. Akabonyeza.

Sehemu ya kwanza, mtu anauliza chumba hotelini. Faraja aliandika. Sehemu ya pili, namna chupa kuukuu zinavyoyeyushwa zikatengenezwa mpya. Evance aliinamia karatasi yake kama anayechimba bado. Wote waliandika, wote thelathini na mmoja, na Nasra akaona kwa macho yake kwamba watoto wa Hatibu wanakijua Kiingereza.

Kwenye swali la tisa kalamu ya Faraja ikasimama. Hakulia. Aliinua kichwa tu akakielekeza upande wa dirisha, upande wa nyumba yao, akawa anausikiliza ule ukimya. Jana alikuwa ameweza kuipita kengele, kwa sababu alikuwa ana jambo la kufanya na bibi alikuwa bado anamngoja amalize. Leo kijiji kizima kilikuwa kimenyamaza kwa ajili yake, na kwenye kimya kile ndipo alipojua kwamba hangojwi na mtu.

Kidole cha Nasra kilikuwa karibu na kitufe. Hakuna kusimamisha, hakuna kurudisha nyuma. Angeisimamisha kwa ajili yake, angekuwa amewavuruga thelathini na mmoja ambao jana aliwatafutia haki kwa nguvu zote. Bwana wa chupa akaendelea kusema, akamaliza, akarudia tena, akamaliza. Kidole kilibaki palepale.

Alisahihisha palepale ofisini, haraka. Wengi walipata zaidi ya kumi na mbili. Evance alipata kumi na saba. Faraja alipata nane. Alizihesabu mara tatu, akitafuta alama iliyojificha, na haikuwepo. Mwishoni mwa fomu kulikuwa na swali la kawaida la mradi: je, kulikuwa na usumbufu wowote wakati wa usikilizaji? Nasra alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akaandika hapana, akaifuta ile sentensi yake ya jana kwa mstari na sahihi, akaandika jina la Evance, akafunga bahasha.

Alikwenda mazishini. Vilio vilikuwa vimerudi, na nyimbo, na Mwajuma alikuwa anadai jogoo kutoka kwa babu mmoja aliyekohoa saa mbili na nusu. Walimzika Bibi Kristina saa tano na robo. Faraja alitupa udongo wake, macho makavu vilevile, na watu walipoanza kutawanyika akaja mpaka pale Nasra alipokuwa amesimama, karibu na pikipiki.

"Madamu, nimepata ngapi?"

Nasra angeweza kusema bado. Matokeo hutolewa na ofisi, mwongozo ulisema hivyo pia. Lakini alikuwa ameshamchukulia mtoto huyu vitu vya kutosha, hakuona sababu ya kumchukulia na ukweli.

"Nane."

"Na ya jana ilikuwa ngapi?"

"Kumi na nane. Lakini ya jana haihesabiwi tena."

"Kwa hiyo ni Evance."

"Ni Evance."

Faraja alitikisa kichwa kukubali. "Anastahili," alisema. "Amechimba tangu jana, hajala." Kisha akasema, taratibu, "Nilikuwa nimemwahidi bibi nitaipata," na hapo uso wake ukavunjika. Kilio kilichotoka kilimwangusha chini pale pale kwenye vumbi, kilio kikubwa, cha sauti, kilichowafanya waliokuwa wameshafika njiani wageuke.

Wanawake wakaja mbio. Mwajuma akaitupa fimbo ya marehemu akamkumbatia, utani wote umemtoka. "Lia, mwanangu," walimwambia, "lia, tulikuwa tunakungoja." Walimnyanyua wakamwingiza ndani, na ungeweza kuona kwenye nyuso zao kwamba wamepumua, kwa kuwa mfiwa asiyelia huwatisha watu kuliko maiti.

Mama mmoja mtu mzima alibaki nyuma. Akamshika Nasra mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo, kama watu wa huku wanavyofanya wakishukuru kwa dhati.

"Ahsante, mwalimu," alisema. "Sijui umemwambia nini, lakini umemsaidia. Kilio cha ndani kinaua."

Nasra aliitikia kwa kichwa, akapanda nyuma ya bodaboda, na dereva akamkabidhi spika yake.